Kubadili Taa za Mbele Kuwa Zenoni: Kuchagua Balbu, Kufunga Nyaya na Kulenga Mwanga

Anayekatiza Mikumi usiku kuelekea Iringa, au anayetoka Voi kwenda Mtito Andei, anahitaji kuona mapema. Kuna tembo, kuna ng'ombe aliyelala juu ya lami, kuna lori lililoharibika bila pembetatu na bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Ndiyo sababu wenye magari wanazitafuta zenoni, na wana haki. Balbu ya kiwandani aina ya D2S hutumia wati 35 na kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zipatazo 3,200. Balbu ya kawaida ya halojeni, aina ya H4, ikiwa kwenye dimu hutumia wati 55 na kutoa lumeni zipatazo 1,000 tu.

Shida inaanzia kwenye ile seti ya bei nafuu inayouzwa kila duka la mapambo ya magari: balbu mbili na balasti mbili (vifaa vya kuzipa balbu umeme wake), unachomoa za zamani, unachomeka mpya, unaondoka. Ukikutana na gari la namna hiyo barabarani hulioni, unaliona jua. Na dereva wake naye haoni mbali kama anavyodhani, nitaeleza kwa nini. Msimamo wangu ni huu: kazi hii ifanywe yote, yaani balbu, kikombe cha taa kinachoendana nayo, nyaya zake na kulenga, au iachwe. Nusu yake ni hatari kwa watu wengine.

Zenoni inavyowaka

Balbu ya HID, yaani hiyo zenoni, haina uzi. Ina kichupa kidogo cha kwazi (kioo kinachovumilia joto kali) chenye gesi ya zenoni na chumvi za metali. Balasti hupiga volti zaidi ya 20,000 kwa kitambo kidogo ili umeme uruke kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha hushusha hadi volti 85 hivi kwa balbu za familia ya D1 na D2, au volti 42 kwa D3 na D4. Gari la kwanza kuuzwa na taa hizi lilikuwa BMW 7 Series, mwaka 1991, kwa hiyo teknolojia yenyewe imekomaa na maduka ya vipuri vilivyotumika vya Japani yamejaa vifaa vyake.

Mambo matatu yanatokana na hapo. Wakati wa kuwaka, balasti moja inaweza kuvuta zaidi ya ampea 10, ingawa ikishatulia inakula kama 3 na nusu tu. Pili, balbu huchukua sekunde kadhaa kufikia mwanga wake kamili na inachakaa haraka ikiwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa hiyo haifai kwa taa ya kupigia fulu ya salamu. La tatu ndilo kubwa: chanzo cha mwanga kina umbo tofauti. Uzi wa halojeni umenyooka na unang'aa sawasawa. Tao la umeme linaloruka ndani ya zenoni limepinda kidogo na lina makali zaidi kwenye ncha zake mbili.

Riflekta ya halojeni, yaani kikombe kinachoakisi mwanga, imechongwa kwa kufuata uzi, kwa vipimo vya sehemu za milimita. Kwenye H4, chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia nusu ya mwanga ili usipande juu. Ukiweka zenoni humo, mwanga unamwagika kila upande, mwingi wake juu ya mstari wa dimu, kwenye macho ya anayekuja. Unaobaki unaanguka karibu na bampa. Hapo lami ya mita 20 za kwanza inang'aa sana, mboni za macho yako zinajibana kwa sababu ya huo mng'ao, na kile kilicho mita 80 mbele kinazidi kufifia. Dereva anashuka garini akisema taa ni kali, na kweli ni kali, lakini uwezo wake wa kuona mbali umepungua.

Soma kioo cha taa kabla ya kununua chochote

Fungua boneti, futa vumbi, angalia maandishi yaliyochongwa pembeni ya kioo cha taa au kwenye kibandiko cha juu ya bodi yake. Utaona jina la mtengenezaji, mara nyingi Koito, Stanley au Ichikoh kwa magari ya Japani, na aina ya balbu. Herufi HC au HCR ni halojeni. DC au DCR ni zenoni. H4, H7, H11, HB3 na HB4 ni balbu za halojeni; chochote kinachoanza na D na tarakimu ni zenoni ya kiwandani.

Kama gari lako lina D2S, D2R, D4S au D4R, huna haja ya kubadili mfumo. Unachohitaji pengine ni balbu mpya tu, kwa sababu balbu ya zenoni hufifia taratibu na kubadilika rangi kwa miaka kabla ya kufa, na mwenye gari hagundui. Herufi S ni ya projekta, yaani taa yenye lenzi na pazia la ndani linalokata mwanga. R ni ya riflekta na ina mistari ya rangi nyeusi kwenye kioo chake ya kuziba mwanga usiotakiwa, usizibadilishane. D4 haina zebaki na balasti yake ni tofauti na ya D2. Vitako vyake vimewekewa meno tofauti makusudi ili visiingiliane, na fundi akianza kuyakwangua kwa tupa, msimamishe.

Kama una halojeni, njia zinazofaa ziko mbili.

Ya kwanza, na ninayoipendelea, ni kutafuta taa nzima za zenoni za toleo la juu la gari lilelile. Subaru Forester na Legacy, Toyota Mark X na Harrier, na mengine mengi ya miaka ya 2000 yalitoka kiwandani yakiwa na taa za zenoni, na seti zake zinapatikana Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi. Kagua kabla ya kutoa pesa. Pindua taa, angalia chini: balasti ipo? Mara nyingi imeng'olewa na kuuzwa peke yake. Tafuta kutu na alama za maji kwenye ganda lake. Omba betri ya volti 12, washa, acha iwake dakika tano huku ukiangalia kama inacheza au inageuka ya waridi.

Ya pili ni kufungua taa yako na kuweka projekta ya zenoni ndani yake. Hii ndiyo njia ya wenye Probox, Hiace na magari mengine ya H4 yenye kioo laini kisicho na mistari. Taa ya zamani yenye kioo cha mistari, kama ile ya duara ya Land Cruiser za kale, haifai, kwa sababu mistari ile itautawanya tena mwanga ambao projekta imeupanga.

Neno moja kwa walio Bujumbura, Kigali, Goma, Lubumbashi na Muscat. Taa za Japani zimetengenezwa kwa kuendesha kushoto: mstari wa dimu hupanda upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Kwenu mnaoendesha kulia, mpando huo unaingia machoni mwa anayekuja. Nunueni projekta au taa ya upande wenu.

Kuhusu sheria, nchi nyingi zimekwisha kuliona hili. Kanuni za kimataifa za taa zinadai kwamba taa ya mbele yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mfumo wa kujirekebisha kimo na wa kujisafisha. Marekani haitambui balbu ya HID kama mbadala wa halojeni kwenye taa ya halojeni, na Uingereza gari lililobadilishwa hivyo haliruhusiwi kupita MOT, ukaguzi wao wa lazima wa magari, tangu 2021. Kwetu, trafiki hatafungua taa yako kusoma herufi. Atakusimamisha kwa sababu umemchoma macho.

Pima kwanza umeme ulio nao

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na wakati mwingine inamaliza tatizo bila kununua zenoni kabisa.

Washa injini, washa taa za dimu. Chukua mita ya umeme, pima volti kwenye vichwa vya betri. Tuseme unapata 14.2. Sasa pima nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, kwa kupenyeza ncha nyembamba za mita kando ya waya. Ukipata 13.8, nyaya zako ni nzima. Ukipata 12.6, umepoteza zaidi ya volti moja na nusu kwenye swichi ya zamani, maungio yenye kutu na ethi (njia ya hasi kupitia bodi) iliyochoka. Kwa halojeni, volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Gari la miaka 20 lenye upotevu wa namna hiyo, na kioo kilichogeuka njano, linatoa nusu ya mwanga uliokusudiwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda mbali, piga vioo msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, vipige polishi, uvipulizie rangi ya kung'aa inayozuia miale ya jua, maana bila hiyo njano inarudi. Funga nyaya mpya zenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kama ninavyoeleza hapa chini, lakini kwa balbu nzuri ya halojeni. Wengi wakifika hapo wanaridhika. Wasioridhika wanaendelea, na nyaya zenyewe wameshazifunga.

Vifaa

Balbu mbili na balasti mbili za wati 35 za umeme wa kubadilika. Zile za bei ya chini kabisa zinazotoa umeme wa mwelekeo mmoja hucheza mwanga. Achana na wati 55 kwenye projekta ndogo, joto lake linaunguza kikombe cha ndani. Rangi chukua kelvini 4300, au 5000 ukitaka weupe zaidi. Kuanzia 6000 lumeni zinapungua, na buluu hutawanyika vibaya kwenye mvua na vumbi. 8000 ni urembo wa mjini, barabara kuu haikusaidii kitu.

Rilei mbili za volti 12 na ampea 40 zenye soketi zake. Vishika fyuzi viwili visivyopitisha maji, na fyuzi mbili za ampea 20. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa moto na ethi, na wa 1 kwa nyaya za ishara. Diodi mbili za 1N4007, zinazopitisha umeme upande mmoja tu. Bomba la plastiki lenye mikunjo la kufichia nyaya, mpira unaosinyaa kwa joto, vichwa vya waya na koleo lake la kubania. Kwa projekta ongeza butili ya taa (gundi ya kushikia kioo), gundi ya epoksi inayovumilia joto, na glavu.

Tafadhali usinunue waya kwa kuangalia unene wa mpira. Chubua ncha, hesabu nyuzi, ziwe nyekundu za shaba. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba ambao ukiukwangua kwa kisu unaonekana mweupe ndani. Huo unachemka na kukatika kwenye vibano.

Kujenga nyaya

Kanuni ni moja: umeme wa kuziwasha taa utoke betri moja kwa moja, na waya wa zamani wa taa ubaki na kazi ya kutoa ishara tu. Swichi ya usukani ikiwasha dimu, inaigusa rilei kwa ampea ndogo, na rilei ndiyo inayofungulia balasti mto mzima wa umeme.

Seti nyingi za dukani zina rilei moja na fyuzi moja kwa taa zote mbili. Fyuzi hiyo ikikatika uko kwenye mwendo wa 100, giza totoro mbele. Kiwandani kila taa ina fyuzi yake, nawe fanya vivyo hivyo.

Toa kichwa cha hasi cha betri. Kutoka chanya, toa nyaya mbili za 2.5, kila mmoja uwe na fyuzi yake isiyozidi sentimita 20 kutoka betri, kwa sababu kipande kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi kikigusa bodi. Usiweke fyuzi bado. Waya wa kwanza uende pini namba 30 ya rilei ya kushoto, wa pili namba 30 ya rilei ya kulia. Kutoka namba 87 ya kila rilei, waya uende chanya ya balasti yake. Hasi ya balasti iende kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, kisha ipakwe grisi. Kama bodi ya mbele imewahi kugongwa na kunyooshwa, usiiamini. Rudisha waya wa hasi mpaka betri.

Sasa ishara, na hapa ndipo mafundi wengi wa rewaya hupotea kwenye Toyota.

Balbu ya H4 ina pini tatu: dimu, fulu na ya pamoja. Kwenye magari mengi ya pamoja ni ethi, na swichi hupeleka moto kwenye dimu au fulu. Toyota nyingi zimegeuza: ya pamoja ina moto, na swichi hupeleka ethi. Usikisie kwa rangi za nyaya. Chomoa balbu zote mbili, ya kushoto na ya kulia, kwa sababu moja ikibaki uzi wake utarudisha umeme na kukudanganya. Rudisha betri, washa taa, kisha chukua taa ya kupimia, funga kibanio chake kwenye hasi ya betri na uguse pini moja moja, kwanza swichi ikiwa dimu kisha fulu. Pini inayowasha taa ya kupimia katika hali zote mbili ni ya pamoja yenye moto. Gari lako ni la ethi. Kama hakuna pini ya namna hiyo, bali moja inawaka kwenye dimu na nyingine kwenye fulu, gari ni la kawaida.

Kwa gari la kawaida kuna mtego. Ukibonyeza fulu, moto wa dimu unakatika, na balasti zitazimika wakati unazihitaji zaidi. Dawa yake ni zile diodi. Waya wa dimu upite diodi ya kwanza, wa fulu upite ya pili, zote zikutane namba 86 za rilei, na mstari mweupe wa kila diodi uelekee kwenye rilei. Namba 85 ziende ethi. Sasa rilei inabaki imeshika dimu ikiwa au fulu ikiwa. Kikoili kinachosogeza pazia la fulu ndani ya projekta kinapata moto wake kwenye waya wa fulu na ethi yake kwenye bodi. Hakifiki ampea 2, waya wa zamani unakimudu.

Kwa Toyota ya ethi ni rahisi zaidi. Namba 86 zichukue moto wa pini ya pamoja, 85 ziende bodi, basi. Rilei zitashika taa zinapowashwa, bila kujali dimu au fulu. Hakikisha tu kwamba pini hiyo haina moto swichi ikiwa imezimwa. Kikoili cha pazia kifungwe kati ya pini ya pamoja na pini ya fulu.

Ishara ichukuliwe kwenye soketi ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili ifunikwe, ifungwe na ilazwe pasipofika maji.

Gari lenye balbu tofauti ya fulu, kwa mfano HB3, halina haja ya haya yote. Zenoni iwe kwenye dimu peke yake, fulu iache halojeni, maana inawaka papo hapo. Na kama gari huwasha taa za mchana kwa umeme uliopunguzwa kupitia balbu hiyohiyo ya dimu, zima mfumo huo kwanza. Umeme wa kukatakata unaua balasti.

Kila muungano ubanwe kwa koleo, uvalishwe mpira wa joto. Kusokota nyuzi na kuzungusha selotepu kutafika msimu mmoja wa mvua. Nyaya zipite mbali na mkono wa egzosi na feni ya rejeta. Nyaya nene kati ya balasti na balbu usizikate wala kuzirefusha kamwe. Ndizo zinazobeba zile volti elfu ishirini na zaidi.

Kuweka projekta

Toa taa kwenye gari. Kwa mengi lazima bampa ishuke kwanza. Ondoa balbu, kofia za mpira, skrubu na vibanio vya chuma vya pembeni. Kioo kimeshikwa na butili inayolainika kwa joto. Oveni ya nyuzi 100 kwa dakika nane hadi kumi inatosha, taa ikiwa juu ya ubao na isiguse chuma. Bila oveni, tumia mashine ya hewa ya moto, ukizunguka ukingo taratibu na kutenganisha kwa bisibisi pana. Gundi isipolainika kabisa, acha: taa hiyo imefungwa kwa aina isiyofunguka, na kuilazimisha ni kuipasua.

Kabla hujafika huku, uwe umepima kina cha ndani. Projekta ya inchi 2.5 inaingia kwenye taa nyingi za H4. Ya inchi 3 huishia kugusa kioo.

Pitisha mkia wa projekta kwenye tundu la H4 ukitokea mbele. Nyuma weka bamba la meno matatu, pete ya silikoni na nati, uikaze kwa mkono tu. Irudishe taa kwenye gari bila kioo, chomeka balbu, washa ukiangalia ukuta. Mstari wa dimu lazima ulale sawa; ukiinama upande, zungusha projekta mpaka ulale, kaza nati, kisha angalia tena kwa sababu kukaza huizungusha kidogo. Usiharakishe hapa. Skrubu za kulenga haziwezi kunyoosha mstari uliopinda.

Ukiridhika, gundisha pete ya urembo, futa lenzi kwa kitambaa laini, kwangua butili ya zamani, zungusha mpya, pasha joto tena, kandamiza kioo na ufunge vibanio kingali moto. Vitundu vya kupumulia usivizibe. Vikizibwa mvuke hauna pa kutokea.

Balbu ishike kwa kitako chake. Mafuta ya vidole kwenye kwazi huchoma doa na kuipasua. Ukiigusa, ifute kwa spiriti.

Balasti ifungwe kwa boliti au kibanio cha chuma, soketi zake zikitazama chini, mahali pasipopigwa maji ya tairi wala joto la injini. Gundi ya pande mbili peke yake itaachia kwenye barabara za makorongo.

Kuwasha na kulenga

Weka fyuzi, washa injini kwanza, kisha taa. Rangi itaanza buluu au zambarau na kutulia ndani ya nusu dakika. Rudia kile kipimo cha volti, sasa kwenye soketi ya balasti. Tofauti na betri isizidi nusu volti.

Kulenga kufanyike jioni hiyohiyo, kabla gari halijaingia barabarani. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta, hata kituo cha mafuta usiku kinafaa wakikuruhusu. Jaza tairi upepo wake sahihi, tangi nusu, dereva akae kwenye kiti chake. Sogeza gari mpaka karibu na ukuta, weka alama ya katikati ya kila projekta na kimo chake. Rudi nyuma mita 10. Kama kimo ni sentimita 65, mstari wa dimu uwe sentimita 55, yaani 10 chini. Kwa mteremko huo mwanga utagusa lami kama mita 65 mbele. Kona ambapo mstari unaanza kupanda kushoto iwe sawa na alama ya katikati ya taa hiyohiyo. Lenga moja kwa wakati, nyingine ukiikinga kwa boksi lililowekwa mbele yake, lisiguse kioo.

Nyuma ya taa kuna skrubu mbili za nailoni. Moja hupandisha na kushusha, nyingine hupeleka kando. Zungusha robo robo.

Halafu fikiria mzigo. Noah yenye abiria saba na mabegi inakaa kitako, pua inapanda, na taa uliyoilenga kwa uangalifu inamulika vioo vya nyuma vya kila gari. Kama dashibodi ina kigurudumu cha kimo chenye namba, kipeleke juu kwa namba unapopakia. Uliyenunua taa nzima za zenoni, chukua na kihisi kinachofungwa kwenye mkono wa springi ya nyuma pamoja na waya wake. Bila hicho mota ya kimo haisogei. Usiye na chochote, lenga sentimita 13 chini badala ya 10 ukijua safari zako ni za mzigo.

Zikisumbua

Taa moja haiwaki: hamisha balbu upande wa pili. Tatizo likihama nayo, balbu imekufa. Likibaki, ni balasti au umeme wake. Kabla ya kugusa, zima, chomoa fyuzi na usubiri dakika chache.

Inawaka kisha inazima na kujaribu tena: volti ni ndogo. Rudi kwenye ethi, hapo ndipo penye kosa mara nyingi kuliko pengine popote.

Inageuka ya waridi au zambarau na kubaki hivyo: balbu imezeeka. Badili zote mbili kwa pamoja, vinginevyo utakuwa na macho ya rangi mbili.

Redio inapiga kelele taa zikiwaka: balasti iko karibu na waya wa antena, au ganda lake halina ethi.

Fulu haibadiliki ingawa mlio wa kikoili unasikika: pazia limekwama, kwa kawaida vumbi au gundi ya pete imeligusa.

Mvuke kidogo asubuhi unaoondoka taa zikiwaka ni wa kawaida. Maji yanayosimama chini ya kioo ni butili iliyoacha nafasi. Ifungue tena kabla hayajafika kwenye balasti.

Balbu za D1 na D2 zina zebaki kidogo. Ikipasuka, fungua milango, ondoka chumbani kwa robo saa, kisha kusanya vipande kwa karatasi na uvifunge kwenye chupa yenye kifuniko. Watoto wasizichezee balbu kuukuu.

Baada ya wiki ya barabara ya vumbi na makorongo, rudi ukutani upime tena. Skrubu mpya na springi za taa hutulia, na mstari unaweza kuwa umesogea kwa sentimita mbili au tatu.